Duka Limehama, Tili Bado Iko Ukutani: Somo kwa Wateja na Wenye Maduka wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Mitaa ya Mombasa bara haikai ilivyo kwa muda mrefu. Mwezi huu pana mkahawa, mwezi ujao pana muuza simu, na kabla ya mwaka kuisha pana kinyozi. Lakini ukutani hubaki kitu kimoja: namba ya tili iliyopigwa rangi na yule aliyehama. Mteja anaingia, anakunywa chai yake na mahamri mawili, anatazama ukuta, analipa. Meseji inamfikia. Mwenye mkahawa anasema hajaona kitu. Na kweli hajaona, kwa sababu pesa imeenda kwa mtu ambaye hayuko hapo tena.

Hapo ndipo ugomvi huanza, na mara nyingi wote wawili wana haki.

Katika somo hili tutaangalia mambo matatu: kwa nini maduka na mikahawa ya bara hufunguliwa na kufungwa, mteja ajilinde vipi, na mwenye biashara afanye nini siku ya kufungua na siku ya kufunga. Chukua kalamu, maana kuna hesabu kidogo.

Miguu ikihama, duka hufuata

Biashara ndogo huishi kwa miguu ya wapita njia. Huko bara, miguu hiyo hupangwa na vitu vikubwa ambavyo muuza chai hana uwezo navyo: kivuko, bandari, daraja, barabara.

Tuanze na Likoni. Vibanda vilivyo kwenye njia ya kwenda feri vinauzia watu wanaovuka asubuhi kwenda kisiwani na wanaorudi ng'ambo jioni. Machi 27, 2020, serikali ilipoanzisha kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya korona, saa za mapato ya jioni zilikatwa siku hiyo hiyo. Mwezi uliofuata, Ramadhani ikaingia ndani ya kafyu. Kwa muuza viazi karai, bhajia na kaimati, jioni ya Ramadhani ndiyo mavuno ya mwaka. Mwaka ule mavuno yalikuja na mlango umefungwa. Aliyekuwa na akiba alisubiri. Asiyekuwa nayo aliuza karai na meza.

Changamwe hadithi yake ni ya malori. Kuanzia Magongo, Chaani hadi Mikindani, kuna mikahawa, gereji na vyumba vya kulala vilivyosimama kwa sababu madereva wa makontena husimama. Reli mpya ya SGR ilianza kubeba abiria kutoka Miritini mwaka 2017, kisha mizigo ikafuata. Mwaka 2019 likaja agizo la kutaka makontena ya bara yasafirishwe kwa reli, na Mombasa ikaona maandamano ya wiki kwa wiki. Septemba 2022 serikali mpya ikatangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo inarudi bandarini Mombasa. Mama anayepika wali wa madereva hakusaini agizo lolote kati ya hayo, lakini yote yalipita kwenye sufuria yake.

Kisauni hutegemea zaidi makazi, na pia barabara ya kwenda Malindi. Tangu Daraja la Nyali la sasa lifunguliwe mwaka 1980, watu wamezidi kujenga upande ule: Mlaleo, Mwandoni, Bakarani, Kiembeni, Bamburi Mtambo. Wateja wapo, tena wengi. Shida ni kwamba kila mmoja anaona wateja hao hao. Ukifungua duka la unga na sukari likachangamka, baada ya miezi mitatu utaona mawili mengine pembeni yako. Bidhaa zenu nyote zinatoka kwa wauzaji wale wale wa jumla, na mboga zinatoka soko lile lile la Kongowea. Kwa hiyo hamna cha kushindana isipokuwa bei, na bei ikishuka faida inakwisha.

Usidhani ni wadogo tu wanaoanguka. Nakumatt ilikuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ivunjwe ikiwa na madeni ya zaidi ya bilioni 30. Waliobaki na ankara mkononi wengi walikuwa wafanyabiashara waliokuwa wamempa bidhaa kwanza, walipwe baadaye. Kwa hiyo hata wewe unayemuuzia mkate au maziwa mwenye duka la jirani, somo hili linakuhusu.

Kufunga kuna aina zake

Kabla ya kusema duka limekufa, jua ni kufunga kwa namna gani.

- Kufunga kwa saa. Ijumaa mchana maduka mengi yanafungwa kwa swala. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufunga mchana na kuanza kazi alasiri kuelekea futari. Hiyo ni ratiba, haina matatizo.
- Kufunga kwa msimu. Wanaotegemea wageni wa pwani hupunguza kazi wakati wa mvua za masika na kuongeza kuelekea Disemba. Wanaotegemea wanafunzi hulala shule zikifungwa.
- Kuhama. Kodi imepanda, au barabara inapanuliwa na kibanda kiko kwenye hifadhi ya barabara. Biashara ipo, mahali ndipo pamebadilika.
- Kuuzwa. Jina la duka ni lile lile, hata meza ni zile zile, lakini mwenyewe ni mwingine. Hii ndiyo inayoleta makosa mengi ya malipo.
- Kufa. Mlango una kufuli, na simu haipokelewi.

Kila aina inataka hatua yake. Aliyehama utamfuata. Aliyeuza utamuuliza mpya. Aliyekufa kibiashara utataka kumdai mapema, sio baada ya miezi sita.

Wewe mteja: mambo matano ya kushika

1. Soma jina, halafu ndipo uweke namba ya siri. Simu inapokuonyesha jina la anayelipwa, hiyo si mapambo. Kama mkahawa unaitwa hivi na jina linakuja vingine, simama, uliza: "Samahani, tili yenu inatoka jina gani?" Muuzaji mwema hatakasirika. Wakati mwingine jina ni tofauti kwa sababu nzuri, kwa mfano tili imesajiliwa kwa jina la mwenyewe na si la duka. Lakini wacha akuambie yeye, usibahatishe.

2. Usiamini ukuta, muamini muuzaji. Rangi haijui kwamba mwenye duka amehama. Uliza namba kila unapoona pamebadilika kitu: bango jipya, mhudumu mpya, meza zimegeuzwa. Pia usitegemee namba uliyohifadhi kwenye simu yako mwaka jana.

3. Ukikosea, chukua hatua saa hiyo hiyo. Usifute meseji. Piga namba ya huduma kwa wateja uliyonayo kwenye menyu, utaje msimbo wa muamala, kiasi na saa. Lakini tuseme ukweli: pesa ikishaingia kwenye tili ya mfanyabiashara, sisi hatuwezi kuichota tu kwa sababu umesema umekosea. Lazima mwenye tili aulizwe na aridhie. Akiwa hapatikani, au ameshatoa pesa, safari inakuwa ndefu. Ndiyo maana sekunde tano za kusoma jina ni bora kuliko wiki mbili za kupiga simu.

4. Malipo ya mdogo mdogo yanahitaji karatasi. Wengi bara hununua kitanda, godoro, cherehani au nguo za Idi kwa kulipia kidogo kidogo dukani. Ni njia nzuri. Lakini pesa hiyo, mpaka uchukue bidhaa, ni kama mkopo umempa mwenye duka. Duka likifungwa, wewe ni mdai kama wengine. Basi lipa kwa tili ya duka, usitume kwa namba ya mhudumu. Dai risiti inayosema bidhaa ni ipi, bei yake yote, umelipa ngapi na imebaki ngapi. Na usiweke pesa nyingi kuliko ambazo ungeweza kuvumilia zikae kwa mtu mwingine. Ukiona rafu zinaanza kuwa tupu na bidhaa mpya haziji, chukua bidhaa yako au omba pesa yako. Usione haya.

5. Wakala akikwambia "nitumie tu kwenye simu yangu", kataa. Wakala anayefunga kazi, au ambaye floti imemuishia, anaweza kukuomba umtumie kama unavyomtumia ndugu yako, kisha akupe pesa taslimu. Ukifanya hivyo, kwenye rekodi zetu hujatoa pesa kwa wakala, umemtumia mtu pesa. Akikataa kukupa, huna ushahidi wa kutoa. Nenda kwa wakala wa pili, hata kama ni kutembea hadi steji.

Wewe unayefungua: hesabu kabla ya rangi

Tuchukue mfano wa kubuni, kibanda cha chai, mahamri na mbaazi za nazi karibu na steji. Kinauza shilingi 3,500 kwa siku, siku 26 kwa mwezi.

- Mauzo ya mwezi: 3,500 × 26 = 91,000
- Bidhaa (unga, mafuta, nazi, sukari, maziwa, mbaazi, gesi), tuseme senti 65 kwa kila shilingi: 59,150
- Kinachobaki: 31,850

Sasa toa gharama ambazo hazijali kama umeuza au hujauza:

- Kodi ya chumba: 9,000
- Msaidizi, 500 kwa siku: 13,000
- Umeme, maji na taka: 2,400
- Kuweka kando kwa ajili ya leseni ya kaunti na vyeti vya afya: 1,000
- Jumla: 25,400

Kinachobaki ni 6,450. Hiyo ni kama shilingi 248 kwa siku, na bado mwenyewe hajajilipa mshahara.

Hatujamaliza. Mauzo ya 91,000 kwa mwezi ni 1,092,000 kwa mwaka. Biashara inayouza zaidi ya milioni moja hadi milioni 25 kwa mwaka iko kwenye kundi la ushuru wa mauzo wa KRA, ambao tangu Julai 2023 ni asilimia 3. Angalia neno hilo: ni asilimia 3 ya mauzo, sio ya faida. Kwa kibanda hiki ni 2,730 kwa mwezi. Ile 6,450 inabaki 3,720. Viwango vya ushuru hubadilishwa na sheria ya fedha, kwa hiyo hakikisha na KRA kabla ya kupanga.

Halafu jiulize: miguu ikipungua itakuwaje? Tuseme mauzo yameshuka kwa moja ya tano tu, kutoka 3,500 hadi 2,800 kwa siku. Mwezi unakuwa 72,800. Bidhaa zinachukua 47,320, kinabaki 25,480. Toa zile gharama za 25,400. Umebaki na shilingi themanini. Mwezi mzima.

Kibanda kinaonekana kimejaa watu, moshi unafuka, mahamri yanaisha kabla ya saa tatu, na mwenyewe anarudi nyumbani na themanini. Ndio maana mtu hufunga ghafla na majirani wakashangaa: "Lakini si alikuwa anauza!" Kuuza aliuza.

Fanya hesabu yako hivi. Jumlisha gharama zote za kudumu za mwezi. Tafuta kinachobaki kwenye kila shilingi ukishalipia bidhaa (kwenye mfano wetu ni senti 35). Gawanya ya kwanza kwa ya pili: 25,400 ÷ 0.35 ni karibu 72,600 kwa mwezi, yaani kama 2,800 kwa siku. Hiyo ndiyo namba yako ya kuishi. Iandike ukutani, upande wa ndani. Chini ya hapo unakula mtaji.

Kabla ya kulipa gudwili na kodi ya kwanza, fanya pia haya:

- Kaa karibu na mahali hapo siku tatu tofauti, asubuhi na jioni, uhesabu watu wanaopita. Siku ya mwisho wa mwezi peke yake itakudanganya.
- Muulize aliyetoka kwa nini ametoka. Ukishindwa kumpata, waulize majirani wawili, sio mwenye nyumba peke yake.
- Hakikisha chumba hakiko kwenye hifadhi ya barabara, na kwamba mita ya umeme haina deni la mtu.
- Andikianeni mkataba wa kodi, hata ukurasa mmoja.
- Fungua tili ya biashara kwa jina ambalo wateja watalitambua. Usitumie namba yako ya kutumiana na shangazi. Pesa ya duka ikichanganyika na ya nyumbani, hutajua ni ipi inayokufa.
- Weka akiba ya gharama za miezi mitatu. Kwenye mfano wetu ni 76,200. Kama huna zote, anza na ya mwezi mmoja na uongeze kidogo kidogo.
- Futa au paka rangi namba zote za tili zilizoachwa na mtangulizi wako. Zote, hata ile ndogo ya mlangoni.

Soma taarifa ya tili kama daktari anavyosoma joto

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi nusu ya daftari unaandikiwa na simu. Omba taarifa ya miezi sita ya tili yako, kisha usitazame jumla peke yake. Tazama vitu viwili: idadi ya malipo na ukubwa wa kila malipo.

Idadi ikishuka lakini jumla imebaki, maana yake wachache wanakubeba. Labda ni madereva watatu wa kampuni moja, na kampuni hiyo ikihama kituo, umekwisha. Idadi ikibaki lakini jumla inashuka, wateja wako bado wanakupenda ila mfuko umekonda: aliyekuwa akinunua sahani nzima sasa anataka nusu. Wa kwanza anahitaji kutafuta wateja wapya. Wa pili anahitaji kupanga bei na vipimo upya. Ni magonjwa mawili, na dawa zake ni mbali mbali.

Kumbuka tili haioni pesa taslimu wala deni. Andika taslimu kila jioni. Na deni liandike jina, tarehe na kiasi, maana daftari la deni ndilo limefunga maduka mengi kuliko askari wa kaunti.

Wewe unayefunga: funga kwa heshima

Kufunga si aibu. Aliyefunga mapema akiwa bado na mtaji kidogo anaweza kufungua tena kwingine. Aliyeng'ang'ania mpaka akauza friji ya nyumbani, kurudi kwake ni kugumu. Ukiwa chini ya namba yako ya kuishi kwa miezi mitatu mfululizo, na hakuna sababu ya msimu, kaa chini na familia mzungumze.

Ukiamua, fuata mpango huu:

1. Maliza pesa za watu. Waliolipia mdogo mdogo wapewe bidhaa au warudishiwe kabla hujalipa kingine. Jina lako ndilo mtaji utakaokwenda nao.
2. Tangaza. Bandika karatasi mlangoni: tunafunga tarehe fulani, au tumehamia mahali fulani.
3. Ondoa namba ya tili ukutani, kwenye meza, kwenye mifuko na kwenye picha ulizoweka mtandaoni.
4. Chukua salio, pakua taarifa yote, kisha tuombe tufunge tili. Usiiache wazi wala usimpe anayenunua duka aendelee nayo. Jina lako likiwa kwenye tili, maswali yote yatakuja kwako.
5. Waarifu kaunti na KRA. Usipoondoa wajibu wa ushuru, mfumo utaendelea kukusubiri uwasilishe, na faini hujikusanya hata kama duka limekuwa kinyozi.
6. Tunza rekodi kwa miaka mitano. Sheria ya ushuru inataka hivyo, na zitakufaa pia ukienda kuomba mkopo wa kuanza tena.

Kama umepokea pesa ya mteja aliyelipa tili yako ya zamani kwa makosa, ridhia irudishwe tukikupigia. Si yako. Na kesho huenda wewe ndiye uliyesoma ukuta vibaya.

Kazi ya wiki hii

Mteja: kila malipo ya wiki hii, soma jina kwa sauti ndogo kabla ya namba ya siri. Mwenye duka: tafuta namba yako ya kuishi, uilinganishe na mauzo ya wiki nne zilizopita. Na nyote wawili, mkiona namba ya zamani bado iko kwenye ukuta wa mtaa wenu, mwambieni aliye ndani. Kopo dogo la rangi litaokoa pesa za watu wengi.